Mjadala: Kinachodhoofisha vikosi vya bendera Marekani ni dansi au ni gharama?

Ndugu wachangiaji, naleta mada ambayo huzua mabishano makali nchini Marekani kila ifikapo Aprili, wakati vikosi vya bendera (color guard), yaani makundi ya vijana wanaozungusha na kurusha bendera, bunduki za mbao na panga kwa kufuata muziki, vya shule na vya vijana wasiofungamana na shule, vinapokutana Dayton, Ohio, kwa mashindano ya WGI, chombo kilichoundwa mwaka 1977 kusimamia fani hii ndani ya kumbi. Wahafidhina wanadai kwamba kikosi cha bendera kimegeuka kundi la dansi linaloshika bendera kwa mazoea tu. Wanamageuzi wanajibu kwamba vijana wa leo hawawezi kufungwa na gwaride la babu zao. Jambo hili linatugusa na sisi, kwa kuwa familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa zilizotoka Kongo, zimehamia Ohio, Kentucky na Texas, na watoto wao wanasoma katika shule zenye vikosi hivi.

Aliyewahi kutazama gwaride la kimya kimya la JWTZ kwenye sherehe za Uhuru hatapata shida kuelewa chimbuko la vikosi hivi. Baada ya vita kuu mbili vya dunia, matawi ya vyama vya maveterani, American Legion na VFW, yalifadhili bendi za ngoma na tarumbeta kwa ajili ya vijana wa mitaa yao, na pamoja na bendi hizo walitembea wabeba bendera ya taifa, wakilindwa na wenzao waliobeba bunduki na panga. Mashindano yalihukumiwa kwa kupunguza alama: jaji alipita uwanjani katikati ya vijana akiwa na karatasi yake, na kila kosa aliloliona, liwe ni mguu uliochelewa au bunduki iliyoinama kuliko za wenzake, liliondoa sehemu moja ya kumi ya alama. Mwaka 1971 bendi zenyewe ziliunda chama chao, DCI, na mwaka 1984 utaratibu huo wa kuhesabu makosa ukaachwa, majaji wakaanza kupima pia ugumu na uzuri wa kile kinachojaribiwa. Hapo ndipo mlango wa dansi ulipofunguka kabisa, maana hakuna mwalimu atakayethubutu kitu kipya mahali ambapo kila jaribio ni hatari ya kukatwa alama.

Nianze na wahafidhina, kwa sababu dai lao kuu naona si la haki. Wanasema ustadi wa vifaa umepotea. Mtu anayesema hivyo na asogee karibu amtazame binti wa miaka 16 mwenye bunduki ya mbao ya karibu mita moja, iliyofungwa utepe mweupe kuanzia kitako hadi mdomoni ili isipasuke inapoanguka. Anairusha juu, inazunguka mara sita hewani, na wakati huohuo yeye anajiviringisha sakafuni, anainuka, anageuka, na kuidaka kwa mikono miwili kwenye pigo lilelile la muziki ambalo wenzake tisa wanadaka za kwao. Mikono ishirini ikigonga mbao kwa pamoja, ukumbi mzima unasikia kishindo kimoja. Mmoja akichelewa, hata asiyejua chochote kuhusu fani hii anajua kwamba kuna kosa. Ile nidhamu ya kijeshi bado ipo, na imeongezewa mzigo ambao wabeba bunduki wa zamani hawakutwishwa. Katika alama 100 za WGI, 20 ni za vifaa, 20 za mwendo wa mwili, 20 za utunzi wa onyesho, na 40 za mvuto wa jumla. Kwa hiyo vifaa havikufutwa. Vimewekwa sawa na mwili unaovibeba, na mimi sioni ubaya wowote hapo.

Wala si kila mabadiliko yamekuwa ya mavazi na hatua tu. Madison Scouts, bendi ya Wisconsin iliyoanzishwa mwaka 1938 na kubaki ya wavulana kwa takribani miongo minane, ilitangaza mwaka 2019 kwamba inapokea vijana wa jinsia zote. Wako waliohuzunika, na huzuni yao ilikuwa ya kweli, lakini uamuzi ule uliongeza idadi ya watoto wanaoweza kusimama uwanjani.

Na hicho ndicho kipimo ninachowaomba tukitumie: je, badiliko fulani linaingiza watoto wengi zaidi au linawatoa? Tukipima hivyo, wahafidhina wana hoja nzito ambayo wenyewe hawaitumii. Zamani shule ilishona sare, na sare hiyo ilivaliwa na wanafunzi wa madarasa mengi yaliyofuatana, wengine wakirithi koti la kaka au dada. Siku hizi kila msimu una hadithi yake, na kila hadithi inadai mavazi yake, bendera zake, turubai lililochapwa picha la kutandika ukumbi mzima, na mapambo yanayosafirishwa kwa lori. Mpwa wangu aliletewa nyumbani karatasi ya ada yenye orodha ya viatu laini vya kuchezea, glavu, vazi la onyesho ambalo lingetumika msimu mmoja, mchango wa turubai na nauli za mashindano. Mama yake anafanya kazi za usiku kwenye ghala. Aliisoma karatasi mara mbili, akamwambia binti yake wasubiri mwaka ujao. Mwaka uliofuata karatasi ilikuwa ndefu zaidi.

Wanamageuzi watanijibu kwamba yapo madaraja, na kwamba kikosi kidogo hakishindanishwi na vile vikubwa vya daraja la juu. Ni kweli, lakini walimu wa shule ndogo wanatazama fainali za Dayton kama wengine, na wanayoyaona huko yanateremka hadi kwao, kwa kuwa hakuna anayetaka kikosi chake kionekane cha kimaskini mbele ya jaji anayeshika alama za mvuto wa jumla. Hata kama jaji ni mwadilifu, na naamini wengi ni waadilifu, sakafu yenye picha na sakafu tupu haziingii machoni mwake kwa namna moja.

Pendekezo langu ni hili: vikosi vya daraja la juu, hasa vile visivyo vya shule, viachwe huru vibuni vitakavyo, kwa kuwa huko ndiko fani inakokua. Lakini kwa madaraja ya chini ya shule, kanuni ziseme wazi kwamba sakafu iwe ya rangi moja, na kwamba pambo lisiloweza kubebwa na mikono ya vijana wenyewe lisiingie ukumbini. Bendera, bunduki, upanga, mwili na muziki vinatosha kusimulia hadithi yoyote ile, na mtoto aliyefundishwa vizuri ataisimulia.

Ningependa kusikia kutoka kwa wazazi na walimu walioishi na vikosi hivi: je, cha kwenu kiliwahi kutumia tena turubai au mavazi ya msimu uliopita, na kama hakikuwahi, nani aliamua, na wazazi waliulizwa kabla ya uamuzi au waliletewa ankara tu?