Unafundisha Fizikia, shule imekuandika karani: mkataba ukiisha huna pa kushika

Wakuu, habari za saa hizi. Huu uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, asiyependa apite kimya kimya.

Kila mwaka ikifika Juni, shule binafsi za huku Falme za Kiarabu zinamwaga walimu. Mkataba umeisha, hatuongezi, asante kwa utumishi wako. Mwisho wa Agosti shule zinafunguliwa na wale wale wanatangaza nafasi zile zile. Likizo ya Julai na Agosti hawataki kuilipia, basi. Hilo tumeshalizoea. Kinachoniudhi ni ushauri unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ukishatemwa: "kakate viza ya kutafuta kazi, mbona rahisi tu." Rahisi kwa nani? Hakuna anayekuuliza kwanza mwajiri alikuandika nani kwenye mkataba wa wizara (ule unaosajiliwa wizara ya kazi), na mambo yote yamefungwa hapo.

Kwa mlioko nyumbani nieleze kidogo. Viza ya ukaazi huku iko mikononi mwa mwajiri. Mkataba ukiisha anaikansel, unapewa muda wa neema utafute mwajiri mwingine au ufungashe. Muda huo si sawa kwa watu wote, unaanzia siku 30 hadi 180 kutegemea umewekwa kundi gani. Wizara ya kazi ya huku, MOHRE, imezipanga kazi zote kwa ngazi. Mameneja wako ngazi ya 1. Ngazi ya 2 ni wataalamu, na mwalimu yumo humo pamoja na daktari na mhandisi. Mafundi sanifu ni ya 3. Karani ni ya 4.

Sasa hiyo viza ya kutafuta kazi, iliyokuja na mabadiliko makubwa ya viza ya Oktoba 2022. Haihitaji mdhamini. Unachagua siku 60, 90 au 120, unaweka na amana. Sharti lake: uwe na digrii, na kazi yako iwe ngazi ya 1 hadi ya 3, au uwe umehitimu karibuni kwenye chuo kilichomo katika vyuo 500 bora duniani. Sisi wa Mlimani, Dodoma na hata ndugu zetu wa Kenyatta, mlango wa vyuo tuusahau. Tumebaki na mlango wa ngazi.

Na huo ndio shule yangu imeupiga kufuli. Barua ya ofa ilisema mwalimu wa Fizikia. Darasani nimefundisha Fizikia, na mwenzetu wa Hesabu alipoondoka katikati ya muhula nikabebeshwa na vipindi vyake. Kwenye mkataba wa wizara naitwa karani wa kumbukumbu! Nilihoji siku ile ile karatasi ilipotoka, tena kwa maandishi. Dada wa HR akanijibu, "Usijali mwalimu, tumeweka hivyo ili itoke haraka, tutabadilisha baadaye." Baadaye hiyo ndiyo imekuja kuwa barua ya kukansel.

Mnajua kwa nini wanapenda ukarani? Karani hahitaji digrii iliyothibitishwa, wala kibali cha ualimu cha mamlaka ya elimu. Faili linapita chap. Digrii yangu mimi ilipita Wizara ya Mambo ya Nje, ikaenda ubalozi wao Dar, ikaja kugongwa muhuri tena huku, kila muhuri kwa hela yangu. Nyuma ya cheti kumejaa stika mpaka sehemu ya kushika hakuna. Na hakuna mtu shuleni aliyewahi kuifungua ile bahasha.

Nikaomba barua ya uzoefu. Sheria ya kazi ya huku (ile ya mwaka 2021, namba 33) inasema mwajiri akupe bure ukiiomba. Wamenipa, siwasingizii. Imeandikwa karani wa kumbukumbu, "kwa sababu lazima ilingane na mkataba." Yaani uongo wao wenyewe ndio umegeuka ushahidi dhidi yangu. Shule ya pili nikiwapelekea hiyo barua wataniita kwenye usaili wa kupanga mafaili.

Kiinua mgongo nacho wakakichezea. Sheria inatoa siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka kwa miaka mitano ya kwanza, na ulipwe ndani ya siku 14 baada ya mkataba kwisha. Soma hapo: wa MSINGI. Wao waliufanya msingi kitu kidogo, kilichobaki wakakiita posho ya nyumba na usafiri. Siku 21 za kitu kidogo ni nauli ya basi.

Ukishafika hapo ndipo wanaibuka mawakala wetu wa Deira, mtaa wa Dubai. Waswahili wenzetu kabisa, wanakuita ndugu. Wanakuuzia "viza ya kutafuta kazi" na ikitoka ukiisoma ni viza ya matembezi ya kawaida kwa bei ya kuruka. Ukizidisha siku ni dirhamu 50 kwa kila siku, na wakala hapokei tena simu. Tangu 2024 shule ikikamatwa inamfanyisha kazi mtu asiye na kibali, faini inaanzia dirhamu 100,000 mpaka milioni moja, kwa hiyo shule zenye akili hazikugusi ukiwa na matembezi. Zinabaki zile za "njoo ufundishe wiki mbili za majaribio, tukikupenda tutakutolea viza." Wiki mbili zikiisha anaitwa mwingine ajaribiwe, na wewe umeshawasahihishia madaftari bure.

Najua mtaniambia rudi nyumbani. Nirudi wapi, wakati kuna walimu waliohitimu 2015 bado wanasubiri ajira? Na msiniambie pia nisubiri Aprili shule za mtaala wa Kihindi zinapoanza mwaka wao. Aprili nitafika nikiwa na viza gani?

Nafungua kesi wizarani. Kuanzia Januari 2024 madai yasiyozidi dirhamu 50,000 MOHRE wenyewe wanaweza kuyaamua bila kuanzia mahakamani, na changu hakifiki huko. Nadai tofauti ya kiinua mgongo, tiketi ya kurudi, na barua ya uzoefu iseme kazi niliyoifanya. Ninayo ofa yenye cheo cha mwalimu, ratiba za vipindi zenye jina langu, na email ile ya "tutabadilisha baadaye."

Wakala wa Deira najua umo humu unasoma, usinifuate inbox.

Wengine wenye ofa ya mwalimu na mkataba wa kitu kingine, wekeni picha hapa, mkifuta majina na namba za pasi. Na kama kuna aliyewahi kushinda kesi ya cheo, sio ya mshahara, ya CHEO, aniambie alipeleka vielelezo gani. Muda wangu wa neema ni ule wa makarani.