Naombeni ushauri, mama kaambiwa asafishwe goti kwa upasuaji

Wakuu habari zenu, mama yangu goti limesagika, kupanda ngazi mpaka ashike ukuta, sasa daktari anataka kumwingizia kamera asafishe ndani. Nimesoma utafiti wa Marekani wa 2002, wagonjwa 180, wengine walichanwa ngozi tu bila kuguswa ndani, na baada ya miaka 2 maumivu yao yalikuwa sawa tu na ya waliosafishwa, yaani nimekosa raha kabisa. Daktari simdharau, mkono wake unasifiwa sana, ila mkono mzuri na ushahidi kwamba hiyo operesheni inasaidia ni vitu viwili tofauti. Nimuulizeje bila kumkwaza? Na walioanza na mazoezi ya fiziotherapia, mlipata nafuu?