Arei mbili zina namba zilezile, Java inasema si sawa

Shikamooni wakubwa. Niko Uyole, Mbeya, najifunza Java (lugha ya kuandikia programu) mwezi wa pili sasa. Mama anauza viazi Mwanjelwa, namwandikia programu ya kulinganisha magunia yaliyoshushwa na yaliyo kwenye daftari. Arei zote mbili, yaani orodha za namba nilizoziita a na b, zina 12, 8, 15. Nikiandika a == b napata false (si kweli)! Nimezikagua namba moja moja mpaka macho yanauma. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Namba zako ziko sawa. Kwenye Java, == haiangalii kilichomo ndani ya arei; inauliza tu kama ni arei ileile moja kwenye kumbukumbu. Magunia mawili ya uzito mmoja bado ni magunia mawili. Tumia Arrays.equals(a, b), na import java.util.Arrays; iwe juu kabisa. Achana na a.equals(b), nayo hufanya kama ==.

JIBU: Ila andika kitanzi (loop, sehemu ya programu inayojirudia) mwenyewe walau mara moja. Anza na urefu: ukitofautiana, rudisha false. Kisha linganisha a[i] na b[i], yaani namba zilizo nafasi moja, ukikuta tofauti rudisha false palepale. return true ikae nje, baada ya kitanzi. Mimi niliiweka ndani, programu ikawa inaridhika na namba ya kwanza tu. Siku mbili nzima nahangaika!

MUULIZAJI: Imekubali, asanteni sana! Lakini mama akiandika 8, 12, 15 inarudi false.

JIBU: Mpangilio nao unahesabika. Nakili zote mbili kwa clone(), zipange kwa Arrays.sort, ndipo ulinganishe. Zile za mwanzo usiziguse, mama atahitaji kujua mzigo upi ulitangulia.