Chromebook na orodha ya wakulima: nawezaje kupata PDF isiyokata safu ya kilo?

Karani wa Tandahimba

Shikamooni wakubwa, na wadogo habari zenu.

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika cha wakulima wa korosho huku Tandahimba, huu ni msimu wangu wa nne. Mwanangu wa kwanza aliponunua kompyuta mpya aliniachia Chromebook yake, kompyuta inayotumia mfumo wa Google badala ya Windows. Ni nyepesi, inawaka upesi, na chaji inanifikisha jioni hata siku ambayo umeme umekatika tangu asubuhi. Kazi zote za ghala naziandika humo, kwenye Google Docs.

Shida inaanza nikitaka karatasi. Baada ya mnada natoa orodha ya wakulima 214: namba, jina, akaunti ya benki, na mwisho kabisa kilo. Mwenyekiti anasaini, nakala moja inakwenda chama kikuu, nyingine isiyo na akaunti inabandikwa ukutani ili kila mtu aone mzigo wake. Wiki iliyopita nilimtumia kijana wa steshenari kiungo cha hiyo ya ukutani. Kwanza akaambiwa aombe ruhusa. Nikampa. Akaifungua kwa Word kwenye mashine yake, maandishi yakabadilika umbo, jedwali likasogea kulia, na printa ikakata ukingo. Sikuikagua kwa sababu gari la mzigo lilikuwa linasubiri.

Mzee mmoja aliyeleta kilo 386 akasoma 38. Alisimama pale ukutani muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole, "Mama, magunia yangu mengine yako wapi?" Nilimfungulia daftari la mizani akaona kwa macho yake, lakini siku nzima sikuwa na raha. Mtu amepalilia, amepulizia, ameokota, amebeba kichwani, halafu karatasi yangu inamla tarakimu.

Nimeshauriwa nitumie PDF. Nikapakua programu ya kugeuza, faili lake linaishia na .exe, Chromebook ikagoma kulifungua. Nifanyeje?

Fundi wa Ligula

Mama, shikamoo. Nina steshenari hapa Mtwara mjini, na hilo la jedwali kukatwa naliona kila msimu.

Hiyo .exe iache kabisa, hizo ni za Windows. Chromebook haihitaji programu ya kugeuza, kwa sababu Docs yenyewe inageuza. Fungua waraka wako, juu kushoto bonyeza File, shuka hadi Download, chagua PDF Document. Utaikuta kwenye programu ya Files, folda ya Downloads. Uwe na bando wakati huo, maana kugeuza kunafanyika kwenye seva za Google. Ikishashuka, hata mtandao ukikatika unayo.

Lakini PDF peke yake haitakuponya, Mama. PDF inagandisha ukurasa kama ulivyo, na ukurasa wenye kosa utagandishwa na kosa lake. Nenda File, kisha Page setup, uangalie ukubwa wa karatasi. Nina wasiwasi yako imekaa kwenye Letter, karatasi ya Marekani, yenye upana wa sentimita 21.59. Sisi huku tunachapa A4, upana wake ni 21 kamili. Ukiwa umevuta jedwali hadi karibu na ukingo ili safu zitoshe, ile nusu sentimita ndiyo iliyokula tarakimu ya mzee. Weka A4, weka Landscape ili karatasi ilale, halafu rekebisha upana wa safu ndipo upakue.

Binti wa Mikindani

Naongeza njia ya pili: Ctrl na P kwa pamoja, kisha kwenye Destination chagua Save as PDF. Hapo unaona kurasa zako kabla hujahifadhi, ukingo ukikatika utauona. Angalia tu isije ikawa imechagua Save to Google Drive, maana utaitafuta Downloads usiione kumbe iko Drive.

Na usiipeleke orodha yako kwenye zile tovuti za "geuza bure". Ile ya chama kikuu ina majina ya watu na akaunti zao za benki. Ukiipandisha kule umempa mtu usiyemjua, na wewe huna unachokihitaji kwake. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na karani ndiye aliyeshika taarifa za wenzake. Hata kile kiungo ulichompa kijana, rudi kwenye Share umtoe.

Karani wa Tandahimba

Ahsanteni sana wanangu. Nimeangalia, ni Letter kweli! Misimu yote sikuwahi kufungua hapo. Nimeweka A4 ya kulala, orodha imetoka kurasa 7 badala ya 6 na kila safu imeingia. Kijana wa steshenari nimeshamtoa kwenye ruhusa.

Swali dogo: nimegundua jina moja limekosewa, nimelisahihisha kwenye Docs, mbona kwenye PDF bado ni lile la zamani?

Mwalimu wa Nachingwea

Haitabadilika, dada yangu. Ile PDF ni picha ya waraka kwa saa ile uliyopakua. Ukisahihisha, pakua upya. Na hapa ndipo penye hatari kuliko kwenye ukingo: ya pili itaingia Downloads kwa jina lilelile na (1) mwishoni mwake, ya tatu (2), na siku ya haraka utachapa ya zamani mwenyekiti aisaini. Mimi naandaa matokeo ya wanafunzi kwenye mashine kama yako. Kila nikipakua nalibadilisha jina la faili palepale, naweka tarehe na saa, na ile ya zamani naifuta kabla sijainuka kwenye kiti.

Ya kwenda steshenari weka kwenye flashi: ichomeke, itajitokeza upande wa kushoto kwenye Files, buruta faili humo, kisha bonyeza alama ya kuitoa ndipo uichomoe. Ukipenda WhatsApp, fungua WhatsApp Web kwenye kivinjari na uitume kama Document. Usiipige picha skrini, tarakimu zitafifia.

Karani wa Tandahimba

Nimefanya kwa flashi. Kijana amechapa bila kugusa kitu, shilingi 200 kila ukurasa. Kabla mwenyekiti hajasaini nilimwita yule mzee, nikamsomesha mstari wake. Akaweka kidole kwenye 386, akakiacha hapo kidogo, kisha akaomba aonyeshwe na wa mdogo wake, namba 187. Nao uko sawa.

Mwalimu, msimu ujao nataka hii orodha iwe kwenye Sheets, ile ya Google ya majedwali ya hesabu, ili jumla ijipige yenyewe. Ukingo wa huko unawekwaje?

Mwalimu wa Nachingwea

Huko ni Ctrl na P pia. Linakuja dirisha lake la kuchapa: chagua A4, Landscape, na kwenye Scale weka Fit to width. Jaribu kwanza na majina kumi, utume hapa ulichokiona.