Pikapu ya kazi: Ford, Chevrolet au Ram? Nataka kujua na historia yao, si bei tu

MtangaHouston
Heshima kwenu wakuu. Niko Houston mwaka wa sita sasa, napaka rangi nyumba na kufanya ukarabati mdogo mdogo. Tulianza wawili, sasa tuko watatu. Gari dogo nililokuwa nalo lilikufa giaboksi katikati ya barabara kuu mwezi uliopita, na waliolitengeneza sitawataja. Nimejipanga dola 25,000 ninunue pikapu iliyotumika, ya kubeba ngazi na makopo ya rangi na kuvuta tela. Nimebakiwa na tatu: Ford F-150, Chevrolet Silverado 1500 na Ram 1500, zote za kati ya 2017 na 2020.

Kila ninayemuuliza kazini ana kampuni yake anayoiapia. Kuna mzee mmoja, tangu babu yake kwao ni Ford tu, hataki hata kupanda Chevrolet ya mwenzake. Mimi sikuzaliwa ndani ya ushabiki huo, kwa hiyo nataka kuelewa. Jina la Ford lilijengwa vipi, lilichafuka wapi, na leo lina uzito gani ukiliweka kando ya hao wawili?

MzeeKilindini
Mwanangu, karibu. Nimekaa Dearborn, Michigan, miaka 27, karibu na makao makuu ya Ford, na hadithi hii sichoki kuisimulia.

Kwanza ujue kwamba hizo pikapu zako tatu ni ndugu waliogombana. Kabla ya Ford hii tunayoijua, Henry Ford alishajaribu kampuni mbili. Ya kwanza ilikufa. Ya pili alikosana na wenye mtaji, akaondoka 1902, wao wakabaki nayo wakaibadili jina kuwa Cadillac. Mwaka 1909 Cadillac ikanunuliwa na General Motors (GM), ndio hao wenye Chevrolet.

Ford Motor Company iliandikishwa tarehe 16 Juni 1903 kwa dola 28,000 taslimu. Kati ya wenye hisa walikuwamo John na Horace Dodge, mtu na ndugu yake, wenye karakana iliyomtengenezea Ford injini na chasisi. Hisa ziliwatajirisha, na mwaka 1914 wakaanza kuunda magari yao wenyewe. Ford akawazuilia gawio la faida, wakamshtaki, na mwaka 1919 Mahakama ya Juu ya Michigan ikamwamuru alipe. Kesi hiyo mpaka leo inafundishwa vyuo vya sheria. Mwaka 1928 Chrysler ikainunua Dodge, na Ram ni mtoto wa Dodge aliyepewa jina lake mwenyewe 2009. Kwa hiyo shabiki wa Ram anayemtukana Ford, pesa iliyoanzisha nyumba yake ilitoka kwa Ford.

Sasa jina lenyewe. Gari la Ford liitwalo Model T lilitoka Oktoba 1908 kwa dola 850. Wakati ule gari lilikuwa la matajiri. Mwaka 1913, kiwanda cha Highland Park, wakaanza kulisogeza gari mbele ya mfanyakazi badala ya mfanyakazi kulizunguka gari. Kuunganisha chasisi kulikuwa kunachukua saa 12 na zaidi, kukashuka hadi kama saa moja na nusu. Bei nayo ikashuka mwaka hadi mwaka mpaka dola 260. Yaliuzwa magari zaidi ya milioni 15 hadi 1927. Mkulima wa Iowa na mwalimu wa shule wakapata gari. Heshima ya Ford mashambani Marekani ilianzia hapo, na huyo mzee wa kazini kwako ameirithi kutoka huko.

Januari 1914 akatangaza dola 5 kwa siku ya saa 8, karibu mara mbili ya mshahara wa kawaida. Wengi husimulia kama sadaka. Haikuwa sadaka. Kazi ya kufunga skrubu ileile kutwa nzima ilichosha watu, wakawa wanaacha kazi kwa maelfu, na kumfundisha mgeni kila wiki ni gharama. Tena ili upate hizo dola 5 wakaguzi wa kampuni walikuja nyumbani kwako kuangalia kama unakunywa pombe, kama nyumba ni safi, kama unaweka akiba.

Na kuna doa ambalo mtu mkweli haliruki. Gazeti lake la hapa mjini, Dearborn Independent, miaka ya 1920 lilichapisha chuki dhidi ya Wayahudi toleo baada ya toleo. Mwaka 1938 akapokea nishani ya serikali ya Hitler. Mimi kiwanda chake nakiheshimu, lakini hilo simsamehei.

NeemaWaBukavu
Mzee umesema vema, ila umewasahau wafanyakazi. Mimi natoka Bukavu, niko Louisville, Kentucky, na ninafanya kazi kiwanda cha Ford, Kentucky Truck Plant, tunapounda pikapu kubwa za Super Duty. Wakongomani wengi wa huku wamepita viwandani, kwa hiyo hadithi hii ni ya kwetu pia.

Tarehe 26 Mei 1937, viongozi wa UAW, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari, walikwenda kugawa vipeperushi juu ya daraja la waenda kwa miguu pale kiwanda cha River Rouge. Watu wa ulinzi wa Ford, chini ya Harry Bennett, waliwapiga vibaya, Walter Reuther akiwemo. Wapiga picha wa magazeti walikuwepo, picha zikaenea nchi nzima. GM na Chrysler walishakubali chama mwaka huohuo 1937. Ford akakaza shingo mpaka 1941.

Mwaka 2023 tulipogoma, watu kama 8,700 tulitoka kiwandani kwetu tarehe 11 Oktoba, na mkataba ukaleta nyongeza ya asilimia 25 hadi 2028. Ninapovaa kofia yenye nembo ya bluu najua gharama yake ililipwa na nani.

Na jambo jingine la kujivunia: mwaka 2009 GM na Chrysler walifilisika na serikali ikawabeba. Ford hakuchukua hata senti.

MakameMpls
Dada Neema, hapo nitakurekebisha kwa heshima. Ford hakuchukua pesa ya kuokolewa, ni kweli, na alikwepa mahakama ya ufilisi. Ila mwaka huohuo 2009 alipata mkopo wa dola bilioni 5.9 kutoka Wizara ya Nishati wa kubadilisha viwanda vitengeneze magari yanayokula mafuta kidogo. Ni mkopo, si msaada, lakini ni pesa ya serikali.

Kilichomwokoa ni kukopa mapema. Alan Mulally alitoka Boeing 2006 kuja kuiongoza Ford, na mwishoni mwa mwaka ule, benki zikiwa bado zinatoa, Ford ikakopa kama dola bilioni 23.6. Iliweka rehani viwanda, hata nembo yenyewe ya bluu. Kisha ikauza Aston Martin, Jaguar na Land Rover, halafu Volvo. Dhoruba ya 2008 ilipofika wengine walibisha hodi benki wakakuta imefungwa. Hapo nampa sifa zake zote.

Lakini ndugu wa Houston ameuliza lilichafuka wapi, na hakuna aliyejibu. Pinto ya miaka ya 1970: tangi la mafuta lilikaa nyuma ya ekseli, ukigongwa kwa nyuma lingeweza kupasuka na kuwaka. Watu waliungua. Mwaka 1978 ikabidi magari milioni 1.5 yaitwe yarekebishwe. Mwaka 2000 ikaja Explorer na matairi ya Firestone, tairi linabanduka kwenye mwendo, gari linapinduka, na vifo vikapita 200. Karibu zaidi, Novemba 2024 Ford ilikubali faini ya hadi dola milioni 165 kwa kuchelewa kuyaita magari yenye kamera mbovu za nyuma yarekebishwe. Na 2025 ikavunja rekodi ya kuita magari mara nyingi zaidi kwa mwaka mmoja, rekodi iliyokuwa ya GM, mara 77 mwaka 2014.

FundiKisauni
Makame, takwimu zako sizipingi, ila nataka tuzisome kwa macho ya gereji. Mimi ni fundi Columbus, Ohio.

Kuna kuita magari kwa sababu umekuta kosa, na kuna kulificha kosa. Hiyo rekodi ya GM ya 2014 ilitokana na nini? Swichi ya kuwashia. Ilikuwa inateleza yenyewe kwenye mwendo, injini inazimika, na mifuko ya hewa haifunguki. Wahandisi wao waliijua kasoro miaka kama kumi. Mfuko wa fidia ulikubali vifo 124, na 2015 GM ikalipa serikali dola milioni 900. Mimi huyo anayeita magari mara mia namwogopa kidogo kuliko anayenyamaza miaka kumi. Kamera za nyuma ni kosa la kuchelewa, na walistahili faini. Pinto ni doa la milele. Lakini usiweke vyote kapu moja.

Sasa Mtanga, nikuambie kitu. Jina la kampuni halivuti tela lako. Uliza injini gani na mwaka gani.

Ford F-150. Bodi ni ya alumini tangu toleo la 2015, kwa hiyo haioti kutu kama chuma, ila ikibonyea kuinyoosha ni ghali na si kila fundi anaweza. Epuka za zamani zenye injini ya lita 5.4 Triton ya vali tatu, 2004 mpaka 2008, zile zinajulikana kwa plagi kukatikia ndani. Katika miaka yako, 3.5 EcoBoost ina nguvu sana ya kuvuta, lakini ya 2017 kwenda mbele inajulikana kwa mlio wa kugongagonga asubuhi inapowashwa baridi, na ukiusikia ujue kuna kazi ya cheni na gia za kamu, pesa ndefu. 5.0 V8 ni injini ya kuaminika. Za 2018 hadi 2020 zililalamikiwa kula oili, pima mara kwa mara. Hiyo 5.0 ndiyo ningekuchagulia.

Silverado yenye 5.3 V8 ni nyepesi kutengeneza, spea bei nafuu, zipo kila kona. Udhaifu wake unajulikana: mfumo wa kuzima silinda ili kuokoa mafuta unaua vinyanyua vali. Ukinunua sikiliza tiki tiki.

Ram 1500 yenye Hemi 5.7 inakaa barabarani kwa ulaini kuliko zote, kwa sababu nyuma ina springi za koili badala ya majani. Boliti za manifodi ya moshi hukatika, hilo ni maarufu.

Na kwa wanaogombana: giaboksi ya kasi kumi iliyomo kwenye F-150 Ford na GM waliichora pamoja.

NjeriNakuru
Samahani kuingilia, mimi niko Nakuru. Kwa nini kujisumbua na hizo zote? Si ununue Hilux mambo yaishe? Na siku ukirudi nyumbani utakuja nayo hiyo F-150?

FundiKisauni
Dada Njeri, Hilux haiuzwi Marekani tangu 1995, kuna Tacoma ya Toyota hiyohiyo, na iliyotumika inashika bei mpaka inauma. Kuja nayo Kenya haiwezekani, usukani uko kushoto na sheria ya huko hairuhusu gari la kawaida la usukani wa kushoto. Ford ya kwenu ni Ranger, ile inayotoka Silverton, Pretoria.

MzeeKilindini
Swali la Njeri lina historia tamu. Miaka ya 1960 Ulaya iliweka ushuru kwenye kuku wa Marekani. Marekani ikajibu kwa ushuru wa asilimia 25 kwa malori madogo yanayoletwa kutoka nje, kuanzia 1964. Ushuru wa kuku ulisahaulika, wa pikapu haukuondolewa. Ndiyo maana Wajapani waliibana Detroit kwenye magari madogo miaka ya 1970, lakini kwenye pikapu kubwa Wamarekani wakabaki wenyewe kwa wenyewe kwa muda mrefu. F-Series ilianza 1948 na tangu 1977 ndiyo pikapu inayouzwa zaidi Marekani. Ushuru huo una mkono wake hapo. Tena ushuru huohuo umemng'ata Ford mwenyewe: aliagiza vigari vya Transit Connect vikiwa na viti vya nyuma ili vihesabiwe vya abiria, vikishafika vinang'olewa viti. Mwaka 2024 akakubali kulipa dola milioni 365 kumaliza kesi.

Na kwa wapenda Ram, mumkumbuke Lee Iacocca. Ndiye aliyesimamia Mustang ya 1964. Henry Ford wa Pili akamfukuza 1978, akahamia Chrysler iliyokuwa inakata roho, akaomba serikali idhamini mikopo ya dola bilioni 1.5, na 1983 ikawa imelipwa yote, miaka saba kabla ya muda. Baada yake kampuni imepita mikononi mwa Wajerumani wa Daimler, kisha mfuko wa uwekezaji Cerberus, kisha Fiat, sasa Stellantis. Ford bado iko chini ya ukoo wake: hisa maalumu za familia zina asilimia 40 ya kura. Kwangu mimi hilo lina uzito. Ukitaka kumlaumu mtu, unajua mlango wa kubisha.

MtangaHouston
Wakuu, sina la kusema zaidi ya asante. Nilikuja na jina moja nikitaka nithibitishiwe, sasa nina injini moja ninayoitafuta. Jana nimeona F-150 XL ya 2019, 5.0, maili 78,000, ilikuwa ya kampuni ya mabomba, dola 22,900. Mwenye yadi anataka niende jioni baada ya kazi.

FundiKisauni
Usiende jioni. Mwambie unakuja asubuhi na asiiwashe kabla hujafika. Ukifika weka kiganja juu ya boneti, ikiwa ya moto geuka urudi nyumbani. Ikiwa baridi, chomoa kijiti cha oili kabla ya kuwasha, uone kimefika wapi na rangi yake. Kisha washa ukiwa umesimama mbele ya injini, si ndani. Halafu namba ya chasisi iingize kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya serikali ya usalama barabarani, uone kama kuna wito wowote wa kampuni ambao haujatekelezwa. Ukikuta upo, muuzaji wa Ford anarekebisha bure hata kama wewe ni mnunuzi wa tatu.

NeemaWaBukavu
Na uangalie chini, sehemu ya kufungia tela. Gari la mabomba linavuta mizigo mizito.

MtangaHouston
Nimempigia. Jumamosi saa mbili asubuhi, na amekubali haitawashwa.