Mliopasuliwa moyo, usiku wa kuamkia siku yenyewe mliomba nini?

Mama Dagaa wa Kirumba

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nauza dagaa hapa soko la Mwaloni, Mwanza, nina miaka 41 na watoto watatu. Mlango mmoja wa moyo wangu, huo wanaouita mitrali, umekakamaa halafu unavuja. Daktari anasema chanzo ni mafindofindo ya utotoni. Nakumbuka niko darasa la nne, koo liliniuma, wiki kadhaa baadaye magoti na viwiko vikaanza kuvimba kwa zamu, leo hili kesho lile. Bibi akanikanda kwa maji ya moto, nikapata nafuu, tukajua yameisha.

Sasa nalalia mito mitatu. Nyumba yetu iko juu kwenye mawe. Zamani ngazi zile nilizipanda na ndoo kichwani bila kutua, siku hizi nasimama mara nne na mikono mitupu. Nilipimwa eko, ile picha ya moyo, hospitali ya Bugando, nikaandikiwa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar. Niliulizia kutanuliwa mlango kwa puto, nikaambiwa kwa jinsi unavyovuja puto litazidisha. Ni kupasua na kubadilisha.

Kuna mtu kwenye maombi ya usiku aliniambia kusaini ile fomu ya kukubali upasuaji ni kumwambia Mungu ameshindwa. Huyo hanisumbui. Luka alikuwa tabibu, na Paulo alimwita mpendwa.

Kinachonisumbua ni kwamba moyo utasimamishwa, mashine ifanye kazi yake na ya mapafu. Mwanangu wa mwisho, miaka 7, alisikia tukiongea. Akauliza, "Mama, moyo ukisimama Yesu atakaa wapi?" Nikacheka. Kisha nikaingia bafuni nikafungua bomba ili asinisikie.

Mchungaji kanipa Zaburi ya 73 mstari wa 26, panapomwita Mungu mwamba wa moyo. Mtu wa Mwanza mwamba anaujua, dagaa wangu naanika juu yake. Lakini usiku nikipiga magoti maneno hayaji. Naanza Baba Yetu, nikifika "mapenzi yako yatimizwe" nakwama, maana nitakuwa naongopa. Mimi nataka kurudi kwa wanangu, basi. Mliopitia, mliomba nini?

Mvuvi Mstaafu, Ukerewe

Pole sana dada. Mimi nilibadilishiwa mlango miaka sita iliyopita, na sikuomba kitu. Nililala naangalia feni inazunguka. Aliyeomba ni mke wangu, kwa simu kutoka Nansio, na mtandao wa kisiwani unaujua. Nikawa nasikia "Bwana umshike..." kimya. "...na madaktari..." kimya. Mwisho "Amina". Nikaitika Amina kwa niliyoyasikia na nisiyoyasikia, nikalala.

Jambo ambalo sikuambiwa nami nakuambia: utaamka na mpira kooni. Huwezi kusema hata "maji". Usishtuke, unakusaidia kupumua, watautoa. Nesi aliniambia, "Mzee, kama unanisikia bana mkono wangu." Nilimbana mpaka akasema inatosha, atavunjika vidole.

Wangu ni wa chuma. Usiku kukitulia unausikia, tiki tiki tiki. Mke wangu alidhani nimelalia saa.

Nesi wa Nyakato

Mama, wengine watakujibu ya maombi, mimi nina ya kazini. Meno yote yakaguliwe kabla ya safari, jino bovu hupeleka vijidudu hadi kwenye mlango mpya. Uliza wanakuwekea wa aina gani. Wa chuma unadumu, ila utameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yote na kupimwa damu mara kwa mara. Wa tishu ya ng'ombe au nguruwe hauhitaji warfarini ya maisha, ila unachakaa, unaweza kurudi kupasuliwa tena. Kama bado una mpango wa kuzaa LISEME KABLA, dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Ukiwa kwenye warfarini mboga za majani usiache. Kula kiasi kilekile. Leo sahani nzima ya matembele, wiki nzima hakuna, ndiyo inavuruga vipimo. Na usichanganye na miti shamba ya mtu.

Magunia ya dagaa sahau kwa miezi mitatu hivi. Mfupa wa kifua unakatwa na kufungwa kwa waya, lazima uunge. Na huyo wa miaka 7 akiumwa koo usimkande, mpeleke akatibiwe.

Imani Tosha

Mnamtisha mama wa watu bure. Tupa vidonge, simama na Neno. Daktari ni mmoja tu.

Binti wa Magu

Imani Tosha, mdogo wangu alitupa vidonge vyake vya moyo baada ya ibada ya uponyaji, akashuhudia mbele ya watu na tukampigia makofi. Mimi mwenyewe nilipiga. Alizikwa kabla mahindi hayajavunwa. Naomba ufute ulichoandika.

Mama Dagaa wa Kirumba

Asanteni jamani. Binti wa Magu, pole sana, sina la kuongeza.

Mzee wangu, ile ya simu nimeisoma mara tatu. Leo asubuhi nimempigia mama yangu, yuko Sengerema. Nikamwambia Baba Yetu nitaisema mpaka pale ninapokwama, sehemu ile anisemee yeye. Akanyamaza kidogo, nikadhani na yeye kakatika. Akasema, "Nitaisema. Na mimi haitoki vizuri, lakini nitaisema." Kisha akauliza dagaa wangu nitamwachia nani na mvua inakuja.

Mtoto sijamjibu bado. Jino la nyuma kulia limetoboka, Jumatatu nakwenda kung'oa.