Tupeane uzoefu: umemaliza dozi ya TB, kifua chako kikoje sasa?

Mkazi wa Uyole (mwanzisha uzi)

Habari zenu ndugu zangu. Nilimaliza dozi mwaka jana, makohozi yakapimwa yakawa safi, kadi ikaandikwa nimepona. Namshukuru Mungu. Lakini nikipandisha mlima na debe la viazi pumzi inakata kabla sijafika nusu, na asubuhi za Juni na Julai kifua kinabana mpaka jua litoke. Picha ya kifua inaonyesha kovu juu upande wa kulia. Daktari alinieleza kwamba vimelea vimekufa, ila sehemu vilivyoiharibu haioti upya.

Tumezoea kuulizana "umepona?" na jibu likiwa ndiyo, mazungumzo yanaishia hapo. Mapafu yaliyobaki hayaulizwi. Wewe uliyeugua au uliyeuguza, tuambie unaishije na kifua chako na nini kimekusaidia. Wa nyanda za juu nawasubiri zaidi, maana milima na baridi yetu ni ile ile.

Mama wa Kihesa, Iringa

Kamwene. Mimi niliuguza mume wangu. Alianza kukohoa msimu wa kupanda. Duka la dawa wakampa ya kikohozi, ikaisha, wakampa antibayotiki, ikaisha, na hakuna aliyemwambia akapime makohozi. Tunafika hospitali mahindi yameshakauka shambani, na pafu la kushoto lina tundu.

Sasa sikilizeni. Jirani yetu aliugua mwaka huohuo. Yeye alikohoa wiki mbili tu, mhudumu wa afya wa mtaa akampeleka kupima. Dawa walizomeza ni zilezile, miezi ileile sita, wote wakapona. Jirani leo anapakia mbao Mafinga. Mume wangu akitoka kitandani kwenda bafuni anakaa kwanza aheme. Tofauti yao ni muda waliokaa bila dawa, basi.

Kilichotusaidia: jiko la kuni nimelitoa ndani, napikia kibandani nje. Moshi ulikuwa unamkohoza usiku kucha. Na mtoto wetu mdogo, kwa kuwa alikuwa chini ya miaka 5, alipewa dawa kinga kliniki, hakuugua.

Nesi mstaafu, Rungwe

Mama wa Kihesa umesema jambo zito. Nimefanya kazi kliniki ya TB muda mrefu, naomba nieleze kinachotokea humo ndani.

Vimelea vikivutwa na hewa hufika kwenye vifuko vidogo kabisa vya pafu. Mwili unavizungushia ukuta wa chembe za kinga. Kinga ikiweza, vinalala humo hata miaka mingi bila mtu kuugua. Ikishindwa, nyama ya katikati inakufa na kulainika kama maziwa mgando. Ukuta ukipasukia kwenye njia ya hewa, uchafu ule unakoholewa nje, na pale ulipokuwa panabaki tundu. Ndani ya tundu hewa ni tele, vimelea vinazaana kwa wingi, ndiyo maana mwenye tundu huambukiza wengi. Na sehemu kubwa ya uharibifu huo inatokana na vita ya kinga yenyewe, kwa hiyo kila wiki vita ikiendelea, pafu linaliwa.

Dawa zikiingia vita inazimika na kidonda kinapona kwa kovu. Kovu halitanuki kama pafu zima, linavuta njia za hewa zilizo jirani, zinabaki pana na legevu, makohozi yanatuama humo. Ndipo mtu anapata homa ya mapafu mara kwa mara. Tena huku kwetu, mji wa Mbeya uko takribani mita 1,700 juu ya bahari, Kitulo ni zaidi ya 2,500. Hewa ni nyepesi. Upungufu ambao mtu wa Dar asingeuhisi, wewe unauhisi kwenye mwinuko wa kwanza.

Kwa hiyo mambo ya kushikilia. Wahi kupima. Meza dozi yote: dawa nne kwa miezi 2, kisha mbili kwa miezi 4. Wengi huacha baada ya mwezi wa pili kwa sababu wamenenepa na homa imekwisha, vimelea vilivyobaki vinaamka na kuanza kula pafu tena, safari hii pengine vimeshazoea dawa. Sigara acha kabisa. Pima VVU na kisukari. Dawa za TB kwetu ni bure, na nchi hii ina historia nayo: mpango wa taifa ulianza 1977, na mfumo wa tiba uliojengwa hapa pamoja na Dk. Karel Styblo, mtaalamu wa TB, ulikuja kuigwa duniani.

Mchimbaji, Chunya

Wakuu, huku kwetu ongezeni vumbi. Kwenye karasha mawe yanasagwa makavu, ukitema mate ni tope la kijivu. Vumbi la mwamba peke yake linatia pafu kovu, na mtu mwenye vumbi hilo kifuani anapata TB kirahisi zaidi. Mimi baada ya dozi sikurudi kusaga, nimehamia kuuza maji na vocha. Wanaobaki, mwagieni mawe maji kabla ya kusaga. Kitambaa mdomoni hakizuii vumbi lile laini.

Binti wa Makambako

Naomba msaada dada nesi. Nilipona, nikaanza kukohoa tena, kituo kimoja wakanipiga picha wakasema TB imerudi, nianze dozi upya. Makohozi hawakupima.

Nesi mstaafu, Rungwe

Mdogo wangu, kovu la zamani linaonekana kwenye picha maisha yote, picha peke yake haitoshi. Omba makohozi yapimwe, ikiwezekana yaoteshwe maabara kuona kama kuna vimelea hai, maana GeneXpert, ile mashine ya kupima makohozi, huweza kuonyesha mabaki ya vimelea vilivyokufa kwa aliyemaliza dozi karibuni. Omba pia kipimo cha kupuliza kinachoonyesha nguvu ya mapafu. Kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, hapa Mbeya kimeshiriki, pamoja na Gambia, Msumbiji na Afrika Kusini, kufuatilia mapafu ya watu waliomaliza dozi, kwa hiyo tatizo lako linajulikana, usione aibu kuliuliza.

Mkazi wa Uyole

Kwangu mazoezi yamesaidia. Natembea tambarare kila jioni, naongeza kidogo kidogo. Kwenye mlima navuta hewa kwa pua, naitoa taratibu midomo ikiwa imebanwa. Asubuhi nalalia ubavu wa kushoto, nakohoa makohozi yote kabla ya kutoka.

Mchimbaji, Chunya

Nesi, kuna mwenzetu alipona zamani, tangu jana anakohoa damu. Ni TB tena?

Nesi mstaafu, Rungwe

Inaweza kuwa TB, inaweza kuwa fangasi walioota kwenye tundu la zamani, au mshipa umepasuka. Aende hospitali leo, asingoje kesho. Damu ikiwa nyingi njiani, mlazeni ubavu, upande wa pafu bovu uwe chini, ili lile zima lisijae damu.

Mchimbaji, Chunya

Nimempigia. Gari limepatikana, ndugu zake wanampeleka hospitali ya wilaya sasa hivi.